Dorkasi na Mstari wa Juu

Kwenye chumba cha Dorkasi cha kuchapia, pale Hombolo njia ya kwenda chuoni, hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ina kitambaa. Mashine ya fotokopi ina kitambaa. Kiti cha wateja kina kitambaa cha mgongoni na kingine cha kukalia, na mteja akikaa sana bila kusema shida yake huanza kuogopa kwamba na yeye atafunikwa. Vyote ni vya uzi mweupe, vina pindo la maua, na vyote kavifuma Dorkasi mwenyewe kwa kupapasa, macho yake yakiwa yamepumzika kwingine kabisa. Ukimuuliza kwa nini vitambaa vingi hivyo, anajibu neno moja tu: vumbi. Mtu wa Dodoma haulizi mara ya pili. Vumbi la huku linapita chini ya mlango, linapita kwenye tundu la kitasa, na nadhani lina ufunguo wake wa akiba.

Habari ya macho yake ni ya zamani. Alizaliwa kijiji cha jirani na Gulwe, huko reli inakopita, na utotoni alishikwa na vikope kama watoto wengi wa wakati ule. Wengine wakapona. Yeye kope zikageukia ndani, zikawa zinakwangua jicho kila anapopepesa, na kupepesa ni kazi ambayo mtu hawezi kuomba likizo. Akawa haoni njia. Dada yake, Gladness, akatafuta fimbo. Gladness akashika ncha ya mbele, Dorkasi ncha ya nyuma, na hivyo ndivyo walivyokwenda kisimani, kanisani, kwenye misiba na kwenye harusi. Kijijini watu hawakusema "Gladness na Dorkasi wanakuja." Walisema "fimbo inakuja."

Baadaye madaktari wa macho walipita, wakazigeuza zile kope zikae zinapotakiwa kukaa. Maumivu yakaisha. Ila kioo cha jicho kilikuwa kimeshakwaruzwa, na dunia ikabaki kama inavyoonekana kupitia chupa ya mafuta: kuna mwanga, kuna rangi, kuna mtu au pengine ni mlango. Akapelekwa shule ya watoto wasioona vizuri, na huko ndiko alikofundishwa kutaipu. Siku aliyorudi nyumbani na cheti, alishuka stesheni, Gladness akamnyooshea fimbo kama kawaida, na Dorkasi akasema, "Dada, leo niache nikufuate kwa sauti." Akajikwaa mara kadhaa. Fimbo hakuishika.

Mpaka leo anachapa haraka kuliko wanafunzi wanavyoweza kusoma. Wanakuja na ripoti zao za fildi zilizoandikwa kwa kalamu, ripoti zinazofanana kama mayai ya trei moja, mmoja anasoma kwa sauti na Dorkasi anachapa, na mara nyingi anamaliza sentensi kabla ya msomaji, kwa kuwa ameshaichapa kwa wenzake wote. Kompyuta yenyewe ilikuwa na skrini ya chogo, ile nene yenye mgongo kama nundu ya ng'ombe. Herufi zake zilikuwa kubwa na zenye ukungu. Dorkasi alizisoma pua ikiwa imekaribia kuacha alama kwenye kioo.

Juu ya kioo, kwenye ukingo kabisa, kulikuwa na mstari. Mstari wenyewe ni ule mkanda unaokaa na vitufe vya kufungulia programu, majina ya kazi ulizofungua, na saa mwishoni. Dorkasi hakuwahi kuusoma. Aliujua kama unavyojua swichi ya taa kwenu: doa la kwanza kushoto ni la kufungulia vitu, la tatu ni la kuandikia, ukitaka kazi iliyojificha unaenda katikati. Madoa ya rangi. Wateja walipomwambia "bonyeza ile picha," alidhani ni namna ya kusema tu.

Basi chogo likafa. Lilitoa mlio, likatoa harufu, likawa sanduku. Rukia, aliyekuwa mteja wake enzi za chuo na siku hizi anachora ramani huko mjini, aliposikia akamtumia skrini yake aliyokuwa amebadilisha: bapa, nyembamba, safi. Dorkasi aliichomeka, akaifunika kitambaa kilekile cha chogo, kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi kwa heshima ya mgeni, akawasha.

Akaona kioo cheupe kilichomwagiwa punje za ulezi.

Zilikuwa herufi. Zilikuwa ndogo kiasi kwamba hata pua ilipogusa kioo, punje zilibaki punje. Na mstari wa juu haukuwepo. Alipeleka mshale juu kushoto, akabonyeza pale mkono ulipozoea, hapakutokea kitu. Siku ya pili alikuwa anachapa ripoti ya binti mmoja wa chuo, akagusa pasipotakiwa, ripoti ikazama. Zamani angeenda kwenye mstari, katikati, akaivuta irudi. Mstari haupo. Binti akalia. Dorkasi naye alitaka kulia, ila akaona wakilia wote wawili nani atafunga mlango.

Jioni ile Gladness alipopiga simu, Dorkasi alikosea akamwambia ukweli. Kesho yake Gladness alikuwa Hombolo.

* * *

Hashimu alipofika alikuta sufuria zimefungwa kwenye kanga.

Hashimu ni kijana wa Kondoa anayekaa Nzuguni, ana nusu ya diploma ya kompyuta na anasema nusu nyingine ameiacha chuoni kama amana. Yeye ndiye aliyemwekea Dorkasi mfumo wa Linux baada ya flashi za wanafunzi kuijaza kompyuta virusi vya kila kabila. Aliingia akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu.

"Mbukwenyi!" akasema, akijaribu salamu ya Kigogo.

"Usituharibie lugha, we mtu wa milimani," Dorkasi akamjibu. "Sema shikamoo uingie."

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba," akasema Gladness, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mgongo umenyooka, kanga ya sufuria miguuni. "Wewe ndiye fundi? Mbona mdogo?"

"Nimepauka tu, mama mkubwa. Ukinifuta vumbi nina miaka mingi."

Gladness hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Mimi namchukua mdogo wangu nyumbani. Ameshapatikana mtu wa kukaa humu, atakodi na mashine zake. Macho yamefika mwisho, siyo kosa lake wala lako. Kwa hiyo usimtie tamaa. Angalia kama kuna ripoti ya binti wa watu humo ndani, itoe, uzime."

Dorkasi alikuwa kwenye kiti chake cha kuchapia. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, vimekaa tu kama kuku walioingia bandani. Alijua dada hasemi kwa ubaya. Dada alikuwa amebeba ncha ya mbele ya fimbo tangu hajaota meno ya utu uzima, na mtu aliyebeba kitu muda mrefu hivyo hawezi kukiona kinadondoka akanyamaza. Gulwe kuna chumba kimeshapakwa chokaa. Kuna kiti kizuri cha kukaa kibarazani. Atakaa, ataletewa chai, ataambiwa nani kapita na saa ngapi sasa hivi. Hakuitaka ile chai.

"Hashimu," akasema, "ripoti utaitoa. Ila kwanza nitafutie mstari wangu. Kama herufi zimegoma basi, lakini mstari ulikuwa mkubwa, hauwezi kuniacha bila kuaga."

Hashimu akavuta stuli, akakodoa macho kwenye skrini. "Astaghafiru. Hata mimi sioni. Hapa mtu anahitaji darubini na dua."

Kweli mstari haukuwepo. Hashimu akabofya kitufe cha kulia kwenye uwanja mtupu, akapata orodha, akaingia kwenye mipangilio. Akasoma, akaguna. "Kompyuta inasema paneli ipo."

"Paneli ndiyo nini?" Gladness akauliza.

"Ndiyo mstari wenyewe, mama mkubwa. Inasema ipo, iko juu, haijifichi, imetulia. Yaani inajibu kama mtu aliyepigiwa simu akasema niko njiani, kumbe yuko kitandani."

Akaizima, akaiwasha. Hakuna. Akaizima kompyuta yote, ikaamka. Hakuna. Akasema labda ni nyembamba mno, akaanza kuinenepesha. Kulikuwa na namba ya kuongeza, akaongeza. Hakuna. Akaongeza tena. Alikuwa anaongea na kioo kwa Kirangi cha kwao sasa, na kwa sauti ile haikuwa dua. Namba ikapanda, ikapanda tena.

"Subiri!" akasema. "Kuna kitu kinatokea!"

Chini ya pindo la kitambaa, ufito wa kijivu ulikuwa umechungulia. Akaongeza namba, ufito ukashuka kidole kimoja. Akaongeza, ukashuka tena.

"Inatoka hewani," Hashimu akanong'ona. "Wallahi mama, inatoka hewani."

Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa mwezi wa saba hauna adabu. Ulikuja kutoka upande wa bwawa la Hombolo, ukasukuma mlango, ukazunguka chumbani ukiinua kila pindo la kila kitambaa kama mkaguzi wa usafi, na ulipofika kwenye skrini ukakiinua kile cha juu chote. Paneli ikaonekana. Ilikuwa pana kama mkeka wa mlangoni, imelala pale juu kwenye kioo, mahali ilipokuwa tangu siku ya kwanza. Upepo ukaondoka, kitambaa kikashuka, paneli ikapotea.

Kumbe ni kitambaa.

Chogo lilikuwa na mgongo, kitambaa kililala juu yake kama shuka kitandani. Hii bapa haina mgongo. Nusu ya kitambaa ilikuwa imening'inia nyuma na nusu mbele, mishono imebanana, uzi mweupe juu ya kioo cheupe. Na Hashimu amekulia Kondoa kwenye nyumba ambayo hata jiko la mchina lina kitambaa. Kwake kitambaa juu ya skrini siyo kitu cha kuonekana. Ni ngozi ya skrini.

Sauti ya kwanza ilitoka kwenye kiti cha wateja. Gladness alikuwa anatetemeka mabega, amefunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mama Dorkasi," Hashimu akasema polepole, "wewe una sababu. Una macho mabovu. Mimi naona hadi mbuzi wa Kondoa nikisimama hapa. Naomba hili lisitoke humu ndani."

"Litafika Gulwe kabla yangu," akasema Gladness, machozi yakimtoka.

Dorkasi akakivuta kitambaa, akakikunja, akakiweka mapajani. Alikuwa anacheka naye, ila mkono wake ulikuwa umeshaelekea juu kushoto mwa kioo, unapapasa. Mstari umerudi. Hajaachwa.

* * *

Ripoti ya binti ilipatikana palepale, katikati ya mstari, imelala haijapungua neno. Gladness akasema basi, kazi imekwisha, tuondoke. Dorkasi akasema bado.

"Doka," dada yake akamwambia, "umeupata mstari. Unaweza kuusoma?"

Dorkasi akasogeza uso hadi kioo kikapata ukungu wa pumzi. Paneli ilikuwa pana, na ndani yake kulikuwa na vijidudu viwili vitatu, kama ukumbi wa harusi uliofikiwa na wageni wanne. Akatikisa kichwa.

Hashimu akaipunguza paneli, akaenda kwenye fonti, upande wa herufi. Kuna namba inayoieleza kompyuta inchi moja ya kioo ina nukta ngapi, na ukiipandisha, maandishi yanakua. Akaipandisha mara mbili. Maneno yakavimba. Ila ni maneno tu. Vitufe vikabaki vilevile, madoa ya paneli yakabaki punje, na majina yaliyokua yakawa yanakatwa juu na chini, kama mrefu aliyelazwa kitanda cha mtoto.

"Kwa nini maneno yanakua na vitufe havikui?" Dorkasi akauliza. "Kwani skrini hii imefanya nini? Ni kubwa kuliko chogo. Nilitegemea kila kitu kitakuwa kikubwa."

Hashimu akajikuna kichwa, vumbi likadondoka. "Sikiliza. Kioo ni nukta. Picha yote ni vinukta vimepangwa. Chogo lako lilikuwa na nukta chache, nene. Rukia anachora ramani, kwa hiyo skrini yake ina nukta nyingi mno, nyembamba mno. Sasa kompyuta haijui. Bado inaipa kila herufi idadi ileile ya nukta kama zamani."

Dorkasi alikuwa anapitisha kidole kwenye kitambaa mapajani mwake. Kidole kikasimama.

"Kama nikifuma ua hili kwa uzi mwembamba," akasema, "mishono ileile..."

"Unapata ua dogo," akasema Hashimu.

"Dogo kama kifungo. Basi iambie ifume mishono mara mbili."

"Ipo!" Hashimu akaruka kutoka kwenye stuli. "Ipo mahali pake! Siyo fonti, ni vipimo vya dirisha zima. Kila nukta inakuwa mbili kwenda, mbili kushuka. Herufi, vitufe, mstari, vyote kwa pamoja!"

Akaitafuta, akaibofya. Skrini ikapepesa.

Kisha kukatokea herufi moja.

Ilikuwa sehemu ya neno, labda ya kichwa cha dirisha, na ilikaa kwenye kioo kama ng'ombe aliyeingia sebuleni. Pembeni yake ilionekana nusu ya nyingine.

"Hiyo," Gladness akasema, "hata ningebaki Gulwe ningeisoma."

"Nimesahau!" Hashimu akajipiga kofi la paji la uso. "Ile namba ya fonti niliipandisha mara mbili, na sasa vyote nimevipandisha mara mbili tena. Zimezidishana."

Ile namba inarudishwa kwenye dirisha lilelile, na dirisha lilikuwa kubwa kuliko skrini. Kitufe chake kilikuwa mahali fulani chini, nje ya kioo, karibu na goti la Hashimu. Akasukuma mausi, dirisha likagoma kupanda, kwa kuwa mahali pa kulishikia nako kulikuwa nje, juu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Hashimu hakuwa na mzaha wa akiba. Gladness akainama, akaanza kukaza fundo la kanga ya sufuria. Lilikuwa limeshakazwa. Dorkasi alisikia kitambaa kikilia kwenye vidole vya dada yake, na akajua ule mlio: hivyo ndivyo alivyokuwa anakaza mkono kwenye fimbo kabla ya kuvuka reli.

"Hashimu," akasema, "zamani kwenye chogo dirisha likinikwama, ulinifundisha kitu cha kushika kwa kidole gumba."

Hashimu akamgeukia. "Alt," akasema. "Shika kitufe cha Alt, uburute kutoka popote. Mama, nimekufundisha mimi, na nimesahau mimi."

Kidole gumba cha Dorkasi kilikuwa kimeshashuka. Hashimu akashika mausi, wakavuta pamoja, na dirisha likapanda polepole kama ndoo kutoka kisimani, mpaka ile namba ikatokea. Akairudisha ilipokuwa mwanzo. "Sasa tunatoka, tunaingia upya, ili paneli nayo ijue. Mama, fumba macho."

"Mimi kufumba na kufumbua ni karibu sawa," Dorkasi akasema. Lakini akafumba.

* * *

Alipofumbua, alisogeza uso karibu, kama alivyozoea miaka yote. Kisha akafanya kitu ambacho Gladness alikisimulia Gulwe kabla hata ya habari ya kitambaa. Alirudi nyuma. Akarudi tena kidogo, mpaka mgongo ukagusa kiti. Hajawahi kuegemea kiti kile. Kitambaa cha mgongoni kilikuwa kipya kabisa.

"Kuna panya," akasema.

Gladness akainua miguu. "Wapi?"

"Hapa. Pembeni, juu kushoto. Ana masikio." Alinyoosha kidole bila kugusa kioo. "Hashimu, huyu ni panya?"

"Ni panya, mama. Ndiyo alama ya hii aina ya Linux."

"Amekuja na skrini?"

"Alikuwepo. Tangu siku niliyokuwekea."

Dorkasi akageuza kichwa taratibu. Alikuwa amembonyeza yule panya kila asubuhi, doa la kwanza kushoto, bila kujua kwamba ana masikio. Akaenda doa la pili. "Hili ni jalada. Lina kimdomo kama majalada ya ofisini." La tatu. "Hii ni karatasi, na kalamu imelala juu yake. Ina ncha! Kalamu ina ncha!" Sauti yake ilikuwa inashuka, siyo kupanda, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta watu wanasali. "Kwa hiyo walivyokuwa wanasema bonyeza picha... ilikuwa ni picha."

Hashimu alifungua mdomo. Kulikuwa na mzaha pale karibu kabisa, angeweza kuuchukua. Akaufunga.

Ripoti ya binti ilikuwa imefunguka chini ya mstari. Dorkasi aliiangalia. Herufi za chogo alizijua: zilikuwa nene, zimevuja kingo, moja inaingia kwa jirani, na yeye alizitenganisha kwa mazoea na kwa kukisia. Hizi zilikuwa na ukubwa uleule wa zamani, lakini kila moja imefumwa kwa nukta mara nyingi zaidi, uzi mwembamba, mishono mingi, mpaka mviringo ukawa mviringo. Hazikuwa na ukungu. Ukungu uliokuwepo ulikuwa wa macho yake tu, na huo alikuwa ameshauzoea. Kumbe miaka yote alikuwa anabeba wa wawili, wake na wa chogo, akidhani wote ni wake.

"Dada," akasema. "Njoo."

Gladness akasimama nyuma yake.

"Hii i. Nukta yake ya juu haijashikana na kijiti?"

Gladness akaangalia. Akaangalia tena, kama anayehofia kukosea. "Haijashikana."

"Imekaa hewani?"

"Imekaa hewani, mdogo wangu."

"Shuleni walituambia kuna nukta. Nilijua ipo. Nilidhani ni unene wa kichwa." Akapeleka kidole chini ya mstari wa maandishi, kutoka i hadi i, kila moja na nukta yake juu, imeachana na kijiti chake kwa nafasi ndogo nyeupe. "Zote ziko hivi? Kwenye Biblia, kwenye vibao, kila mahali? Na nyie mnaona hivi kila siku?"

"Kila siku," Gladness akasema.

"Na mnapita tu?"

Nje bodaboda ilipita, vumbi likaingia, na hakuna aliyekwenda kufunga mlango. Hashimu alikuwa ameinama anaziangalia zile nukta za i, moja baada ya nyingine. Amesoma herufi i tangu chekechea, amefeli mitihani iliyojaa i, na alikuwa anaziona kana kwamba zimewekwa pale siku ile kwa mkono wa mtu.

Gladness ndiye aliyerudi kwanza kwenye mambo ya duniani. Akakohoa. Akaiangalia kanga ya sufuria, akamwangalia mdogo wake ameegemea kiti, akajaribu sauti yake ya kawaida ya mbele ya fimbo. "Vizuri. Umeona panya. Lakini gari la kurudi mjini litatuacha, na mimi bado..."

"Bado," Dorkasi akamkatiza. Alikuwa anaangalia mwisho wa mstari, kulia kabisa. Midomo ikacheza kidogo, ikitafuta. Kompyuta inahesabu saa kwa namna yake, kumi na nne badala ya nane, na ilibidi aitafsiri kwanza. "Hujachelewa, dada. Ni saa nane na dakika tano. Una muda wa kunywa chai."



Maisha yake yote Dorkasi aliambiwa saa. Aliambiwa na kengele ya kanisa, na treni ya Gulwe, na redio, na watoto wa njiani, na kila mtu aliyekuwa na mkono na saa juu yake. Hajawahi kumwambia mtu.

Gladness alikuwa na simu mkononi. Angeweza kuangalia. Aliigeuza kioo kikatazama chini, akaiweka juu ya mashine ya fotokopi, kwenye kitambaa. Kisha akapiga goti, akafungua fundo la kanga, akatoa sufuria ndogo ya chai, akaanza kutafuta majani yalipo.

"Hayo majani yako kwenye kopo la nyuma," Dorkasi akasema.

"Najua. Nimeyafunga mimi."

Walikunywa chai, wakala na zabibu za jirani. Hashimu akasimulia habari ya kitambaa kwa namna ambayo yeye ndiye aliyeshuku mapema. Hawakumwacha amalize. Kitambaa chenyewe Dorkasi alikihamishia kwenye sanduku la kompyuta chini ya meza, mahali penye mgongo.

Binti wa ripoti alifika, akachukua kazi yake akifuta macho. Binti alipokuwa anatoka, Gladness alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, simu yake bado imelala kifudifudi, akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Doka, na sasa ni saa ngapi?"

Dorkasi akainua uso kwenye mstari, bila kuinama, akamwambia.

Gladness akaitikia kwa kichwa, akanywa funda moja. Gari la mjini lilikuwa linapiga honi huko barabarani, la kwanza, na halikuwa la mwisho.

"Na sasa?" akauliza.